Fundi Hupanda Safari ya Kwanza

Mwishehe bin Mtoro alikuwa seremala wa bodi za malori pale Bagamoyo. Kama katika miaka ile uliwahi kuona lori lenye ubao uliochongwa maua na minyororo kama mlango wa nyumba ya tajiri, basi huenda kazi ile ilikuwa ya mkono wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mkimya kupita kiasi. Mkewe Tabia alizoea kusema kwamba siku ya posa maneno yote yalisemwa na mshenga, na tangu siku ile yeye bado anamngoja mshenga arudi amalizie yaliyobaki. Watu walicheka, Mwishehe akacheka nao, kisha akarudi kwenye randa yake.

Mtu wa namna hiyo akiwa na jambo la kushukuru, hulibeba kifuani miaka na miaka, akidhani mwenzake analiona. Mwishehe alikuwa nalo moja, na lilimhusu dereva mmoja aitwaye Bwanaheri.

Baba yake Mwishehe alichonga milango, zama zile ambapo mtu akijenga nyumba Bagamoyo huanza kuufikiria mlango, kuta zikafuata baadaye. Lakini patasi zilipomfikia mwana, wenye fedha za kujenga walikwisha kuhamia Dar es Salaam, na waliobaki walitaka mlango unaofungika tu, maua ya nini. Mwishehe akageukia vitanda, meza na mbuzi za kukunia nazi. Mbuzi zake zilikuwa nzuri sana, na hapo ndipo palipokuwa na taabu, kwa sababu mbuzi nzuri humtosha mwanamke maisha yake yote, na huenda akamrithisha bintiye. Mwaka wa sitini na nne Mwishehe alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, ana mke, ana mabinti wawili, na paa lake la makuti lilivuja mahali pengi mpaka akaacha kupahesabu.

Mwaka huo Mzee Sadallah, mfanyabiashara wa korosho na pamba, alinunua lori jipya. Siku hizo lori jipya lilitoka dukani likiwa mifupa mitupu: injini, magurudumu, usukani na chesisi. Kichwa na bodi mnunuzi alijitafutia fundi wake. Bwanaheri, dereva wa Sadallah, aliiendesha chesisi ile kutoka Dar es Salaam akiwa amekaa juu ya kasha la sabuni lililofungwa kwa kamba, kitambaa puani, jua utosini. Alipopita Zinga watoto walimkimbilia wakidhani gari limevuliwa nguo. Alipofika kwake alikuwa mwekundu kwa vumbi hata mkewe, Mwanajuma, alimfungulia mlango akamwamkia kama mgeni na kumwambia kwamba mwenye nyumba hayupo.

Mzee Sadallah alikusudia kuirudisha chesisi Dar kwenye karakana kubwa, ila huko foleni ilikuwa ya miezi mitatu, na pamba haingoji. Bwanaheri akamshika mkono mzee, akampeleka mpaka kwenye benchi la Mwishehe.

"Huyu?" Mzee Sadallah aliuliza. "Huyu si yule wa mbuzi za nazi?"

"Ndiye, mzee. Na mbuzi hizo zinakaliwa na watu wazima kila siku ya Mungu, wala sijasikia hata moja imevunjika."

"Bodi ikikatika njiani na mzigo wangu je?"

"Mimi ndiye nitakayekuwa ndani ya gari," Bwanaheri akasema.

Mzee Sadallah alimtazama Mwishehe, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno. Kisha akatoa sharti lake. Bodi ikikamilika, gari litakwenda kupakia pamba Miono, na wakati wa kurudi, limejaa, fundi atakaa juu ya mzigo. Kama ni kukatika, wakatike wote pamoja.

Mwishehe alifanya kazi miezi miwili. Sakafu na mbavu alizijenga kwa mvule. Lakini ubao wa mbele, ule unaosimama wima nyuma ya kiti cha dereva kuzuia mzigo usimwangukie, aliutoa kwenye mkongo, mti mgumu wa milango, wa unene wa inchi mbili, na juu yake akachonga kila alichofundishwa na baba yake: mnyororo pembezoni, waridi katikati, na mizabibu ikipanda huku na huku. Hakuna aliyemtuma. Patasi zile zilikuwa zimelala miaka mingi na yeye mwenyewe hakujua kama bado zinakumbuka. Gari zima akalipaka kijani, na kwa herufi nyeupe akaandika REHEMA, jina alilolitaka Mzee Sadallah. Mke mkubwa wa mzee alinuna siku tatu akitaka kujua Rehema ni binti wa nani.

Safari ya kwanza ilikuwa kama ilivyopangwa. Mwishehe alipanda juu ya marobota ya pamba pale Miono, akakunja miguu, akashika kamba kwa mikono miwili na kuanza kusoma kila dua aliyoijua. Bwanaheri aliendesha taratibu mno. Kila shimo alilizunguka, kila kilima alikishuka kama mtu anayeshusha mtungi kichwani. Mwenye baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi aliwapita, akawaamkia kwa heshima, akaenda zake. Walipofika Bagamoyo bodi haikuwa imeachia hata msumari. Mzee Sadallah aligongagonga mbao kwa bakora yake akasema, "Haya." Kwa mzee yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tangu siku hiyo Mwishehe hakukosa kazi. Watu walimletea chesisi kutoka Dar, na mmoja alitoka nayo Pangani. Alijenga malori kumi na tisa, na katika yote alipanda safari ya kwanza juu ya mzigo, hata pale ambapo mwenye gari alimsihi aache. Ikawa ndiyo desturi ya karakana yake, na madereva walikataa gari ambalo fundi hajalipanda. Paa la makuti likawa la bati. Mabinti wakaolewa kwa heshima. Usiku mvua ikinyesha, Mwishehe alilala macho wazi akiisikiliza inavyogonga bati bila kuingia, na alijua kabisa kwamba hayo yote yalitokana na maneno machache ya mtu mmoja aliyekuwa hana sababu ya kuyasema.

"Kamwambie basi," Tabia alikuwa akimhimiza.

"Anajua."

"Kajuaje? Kaota?"

Mwishehe alikusudia kwenda siku moja, na siku zikawa zinapita kama kawaida yake.

Kisha ikaja masika ya sabini na tano. Rehema, ikiwa imejaa magunia ya mahindi, iliteleza kwenye tope karibu na Vigwaza, ikapinduka. Bwanaheri alitolewa hai, akakaa hospitali miezi mitano, na aliporudi nyumbani alirudi amebebwa. Mgongo ulikuwa umevunjika na miguu haikumsikia tena. Gari lenyewe liliuzwa hukohuko kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na Mwishehe hakuliona tena.

Hakuna aliyemwambia Mwishehe lolote baya. Lakini seremala huijua kazi yake. Ubao ule wa mkongo, mzito kama mlango, alikuwa ameuweka shubiri moja tu nyuma ya mgongo wa dereva. Gari lilipopinduka na magunia yote yakaja mbele, ubao ulikwenda wapi? Swali hilo lilimkaa rohoni na hakuwa na ujasiri wa kuliuliza. Mtu aliyempa maisha, huenda yeye Mwishehe ndiye aliyemvunja mgongo, tena kwa kazi aliyojivunia kuliko zote. Shukrani zake zikawa hazitamkiki kabisa. Utamshukuruje mtu kabla hujajua kama umemuua nusu?

Alichoweza ni kumtengenezea kitanda kipya cha kamba, kirefu na imara, na kwenda kumwona kila Ijumaa baada ya sala. Walikaa, yeye kwenye mkeka, Bwanaheri kitandani, wakazungumza bei ya samaki. Habari za magari Bwanaheri hakuzitaka. Lori likipita mtaani alimwambia Mwanajuma afunge dirisha. Kibarazani hakutoka. Miaka miwili iliisha hivyo.

Mwaka wa sabini na saba, mdogo wake Bwanaheri, Seleman, alirudi likizo. Alikuwa baharia wa meli za mbali, kijana mchangamfu mwenye saa kubwa mkononi. Asubuhi ya siku ya pili alikuja karakana na kitu alichokiviringisha kwenye kikoi.

"Shikamoo, kaka Mwishehe."

"Marahaba, Seleman. Karibu."

"Nimekuja na kitu nilichomletea kaka, lakini kimeharibika njiani."

Akafungua kikoi. Alikuwa amenunua Japani gari la kuchezea, la mashindano, linaloongozwa kwa redio kutoka mbali bila waya. Melini kasha la vyuma likaangukia begi lake, na ganda la gari, lililokuwa la plastiki, likasagika vipande. Vya chini vilisalimika. Seleman aliweka sakafuni chesisi ndogo ya urefu wa mkono, yenye magurudumu manne na mota ya ukubwa wa ndimu, akatia betri, akashika kisanduku chenye vijiti viwili na antena ndefu ya kuvuta. Akasukuma kijiti.

Chesisi ikaondoka. Ilipita katikati ya maranda, ikakunja kona kwenye mguu wa benchi, ikarudi ikamjia Mwishehe moja kwa moja, bila kichwa wala bodi, ikitimua vumbi la mbao. Mwishehe alisimama na randa mkononi. Miaka kumi na mitatu nyuma alikuwa amesimama palepale, ikamjia chesisi tupu kutoka barabara ya Zinga.

"Nilidhani itamchangamsha," Seleman alisema. "Sasa naona haya kumpelekea mifupa."

"Mifupa ndiyo niliyoletewa mara ya kwanza," Mwishehe akasema. "Iache hapa."

Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Seleman alimwambia meli yake inaondoka Dar baada ya majuma mawili.

Siku sita Mwishehe hakugusa kazi nyingine. Vipimo vya Rehema alikuwa navyo kichwani, akavigawa kwa vidole. Chini ya benchi kulikuwa na kipande cha mkongo kilichobaki kutoka kwenye ubao ule wa mbele. Miaka yote hakukichoma wala hakukitumia. Akakipasua, akajenga kwacho mbavu, sakafu, geti la nyuma, na ubao wenyewe. Kichwa cha gari akakikunja kwa bati la debe la mafuta. Mnyororo na waridi akavichonga kwa sindano za Tabia za kushonea kofia, na Tabia akalalamika kwamba amemvunjia tatu na kwamba lori kubwa lilikuwa na gharama ndogo zaidi. Lakini jioni alikuwa akija na taa, akaishika karibu bila kuombwa.

Rangi ya kijani aliiomba msikitini, iliyobaki walipopaka madirisha. Brashi aliipunguza kwa wembe mpaka zikabaki nywele chache, akaandika REHEMA akiwa amezuia pumzi. Mwisho kabisa akachukua nyundo ndogo, akabonyeza bati la mbele upande wa kushoto. Palikuwa na bonde pale kwenye Rehema ya kweli. Bwanaheri alikuwa ameligonga kwenye mnazi mmoja Zinga siku ya soko, akasema ni ng'ombe aliyelipiga teke, na Mwishehe, aliyeona maganda ya mnazi kwenye rangi, alinyamaza.

Walilipeleka Ijumaa. Bwanaheri alipoona kitu cha kijani mikononi mwa Mwishehe, uso wake ulikunjika. Kisha akanyoosha mkono. Alilipokea akaligeuza huku na huku muda mrefu. Kidole chake kikafika kwenye lile bonde.

"Hata hili?"

"Hata hilo."

"Alikuwa ng'ombe," Bwanaheri akasema.

"Alikuwa na makuti," Mwishehe akajibu, na Mwanajuma akaziba mdomo kwa kanga.

Seleman aliliweka sakafuni akampa kaka yake kile kisanduku. Bwanaheri alisukuma kijiti. Mota ikanguruma. Lori halikwenda. Akasukuma tena. Magurudumu yalipanuka kama miguu ya punda aliyezidishiwa mzigo, mota ikalia, pakatoka harufu ya kuungua, Seleman akawahi kutoa betri.

Mwishehe alielewa papo hapo, na damu ikamwendea usoni. Alikuwa amejenga bodi ya lori. Katika kazi yake yote watu walimtaka aongeze: ongeza ubao, ongeza chuma, ongeza unene. Hakuna hata siku moja mtu aliyekuja kumwambia afanye nyepesi. Mkono wake ulikuwa haujui hivyo. Na hapa alikuwa amemletea mlemavu gari lisilotembea, mbele ya mke wake na ndugu yake. Akatazama mkeka.

"Nipe," Bwanaheri akasema.

Alilipima kwenye kiganja, akalipandisha na kulishusha. "Fundi," akasema, "pamba yote ya Miono umeshaipakia humu, sasa mimi nipakie nini?" Na akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kile cha tumboni. Mwanajuma alisema kuna kitu kinaungua jikoni, akatoka haraka, na jikoni hapakuwa na moto.

Bwanaheri alikuwa amejiinua kwa viwiko. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungukazunguka gari kabla ya safari. "Ubavu ni mzito. Sakafu nzito. Kichwa kizito, na uzito wote umekaa mbele. Mbao gani hii?"

"Mkongo," Mwishehe alisema. "Ule uliobaki kwenye Rehema."

Kidole gumba cha Bwanaheri kilipita juu ya ule ubao wa mbele, kwenye mnyororo, kwenye waridi, kikarudi.

"Punguza," akasema mwishowe. "Vyote vifanye vyepesi. Lakini ubao huu wa mbele usiuguse."

"Ndio mzito kuliko vyote, kaka."

"Usiuguse, fundi."

Mwishehe alirudi nyumbani na lori chini ya kwapa na moyo mkononi. Hakulala vizuri. Kwa nini ubao ule? Alidhani sasa amejua. Bwanaheri alitaka ubaki ili yeye Mwishehe ajue kwamba mwenzake anajua, kwamba ni ubao huo uliomvunja mgongo. Alimwambia Tabia kwa mara ya kwanza lile lililomsumbua miaka miwili. Tabia alikunja kofia aliyokuwa akiishona, akamtazama.

"Mtu aliyevunjwa mgongo na ubao haombi ubaki," alisema. "Fanya kazi."

Zilibaki siku chache. Mwishehe alibomoa alichokijenga, na kubomoa kulimuuma kuliko alivyotarajia. Alipata dukani kasha tupu la majani ya chai, akatoa plaiwudi yake, akaikwangua kwa kipande cha chupa mpaka akiiinua juani anaona kivuli cha vidole vyake. Bati akalitupa, kichwa akakifanya kwa karatasi ngumu iliyopakwa gundi tabaka mbili. Rangi, ambayo kwa desturi yake hupakwa mara tatu, aliipaka mara moja, na mkono ukimwasha kuongeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizopata kuzifanya, kwa sababu kila dakika ilimbidi ajizuie. Ubao wa mkongo aliurudisha mahali pake bila kuupunguza hata unywele.

Ijumaa ya pili, kesho yake Seleman aondoke, Mwishehe alifika baada ya sala. Lori lilitembea kwenye mkeka kutoka kitandani hadi mlangoni. Lilikunja kona, likarudi. Bwanaheri alishika vile vijiti kwa ncha za vidole, uso umekaza, na kila lilipokaribia mguu wa kitanda bega lake liliinama upande ule lilikoinama gari.

Mara tatu alikwenda na kurudi. Kisha akasema, "Hapa hapana barabara. Nitoeni nje."

Mwanajuma alidhani hakusikia vizuri. Aliuliza tena, akaambiwa tena. Basi Seleman na Mwishehe wakakibeba kitanda pamoja na mwenyewe juu yake, wakakitoa kwa ubavu, wakakiweka kibarazani. Ilikuwa miaka miwili na miezi yake tangu jua limguse usoni. Watu wanaotoka msikitini walisimama. Wengine walikuja kumpa mkono, naye akawajibu wote, lakini jicho lilikuwa barabarani, anatafuta mashimo.

Seleman akaliweka lori chini mtaani. Bwanaheri akasukuma kijiti, kisha akaliachia. Likasimama.

"Fundi hajapanda," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kaka," Mwishehe alisema, akaanza upya. "Kaka, mimi sijakwambia ahsante. Siku ile ya Mzee Sadallah. Kila nilichonacho kimetoka kwako siku ile. Nilitaka kuja kukwambia, nikachelewa, halafu ikaja Vigwaza nikaogopa. Nimeogopa kwamba ule ubao..."

Bwanaheri alimtazama.

"Mgongo umevunjwa na mlango wa gari, fundi," alisema. "Uliingia ndani tulipopiga chini. Ubao wako ulibaki umesimama. Magunia sitini yalikuja mbele, yote, yakaja kulala juu yake, na mimi niko chini. Nimekaa pale tangu adhuhuri mpaka alasiri walipopata jeki. Nausikia unalia kidogo, nasema sasa unakatika, haukatiki. Sina pa kutazama ila hapo. Nilikuwa na lile ua la katikati hapa, mbele ya jicho langu, nikalihesabu petali. Petali kumi na mbili."

"Kumi na mbili," Mwishehe akasema.

"Nilisema moyoni, fundi kapanda tena, kama siku ya Miono. Sikuwahi kukwambia kwa sababu siku ile siwezi kuitaja nikamaliza. Leo nimemaliza." Akafuta uso kwa kiganja. "Sasa lete kitu chako kipande, tuondoke. Watu wanangoja."

Mwishehe alijipapasa. Penseli ilikuwa imebaki karakana, mfukoni hamkuwa na kitu. Akavua kofia yake, ile ya vito, ya matundu madogo madogo, aliyoshonewa na Tabia, akainama akaiweka juu ya bodi nyuma ya ubao wa mkongo. Ilienea kana kwamba ilipimwa. Yeye mwenyewe akabaki kichwa wazi mbele ya mtaa mzima siku ya Ijumaa, jambo ambalo hakuna aliyepata kumwona nalo, wala hakuona haya hata kidogo.

Mota ikanguruma. Magurudumu yakababaika kidogo kwenye mchanga, mzigo ukatikisika, kisha Rehema ikaondoka. Bwanaheri aliiendesha taratibu mno, akizunguka kila shimo na kila kokoto, na Mwishehe akatembea nyuma yake hatua kwa hatua, mikono mgongoni, analia waziwazi na kucheka. Kijana mmoja wa baiskeli alitokea nyuma yao, akapiga kengele apite. Bwanaheri, kutoka kitandani pake kibarazani, akamwinulia mkono ampishe.